Fyuzi ya gari ikiungua, usikubali kuwekewa waya

Magari mengi tunayoendesha yametoka Japani yakiwa yametumika, na mfuniko wa sanduku la fyuzi mara nyingi una maandishi ya Kijapani. Nadhani ndiyo maana redio ikizima au waipa zikigoma, watu wanakimbilia kwa fundi umeme. Mara nyingi ni fyuzi tu imeungua, na kazi ya kuibadilisha ni ndogo. Nimeifanya barabarani usiku kwa tochi ya simu, na natamani kila dereva aijue.

Zima gari, toa funguo. Kwa kawaida sanduku moja liko chini ya dashibodi, usawa wa goti la dereva, na jingine chini ya boneti karibu na betri. Kwenye mfuniko tafuta herufi unazoweza kusoma: STOP ni taa za breki, HORN ni honi, CIG ni lile tundu la kuchajia simu, ambalo chaja mbovu au sarafu iliyodumbukia inatosha kuunguza fyuzi yake. Ndani ya sanduku mara nyingi kuna kibanio kidogo cha plastiki cha kuchomolea. Ivute fyuzi wima, uimulike. Kile kiwaya cha katikati kikiwa kimekatika, au plastiki imeingia weusi, imeungua.

Sasa namba. Fyuzi mpya iwe na ampea (kipimo cha mkondo wa umeme) zilezile za mwanzo. Rangi zinasaidia: 10 ni nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 30 kijani. Lakini soma na namba iliyo mgongoni, maana zipo za ukubwa tofauti na nyingine haziingii kabisa.

Safari moja nilisimama gereji ya njiani, fundi akaniambia, "Dada, tuweke waya tu, utafika." Nilikataa, na nakusihi nawe ukatae. Fyuzi imewekwa iungue kabla nyaya hazijaungua. Ukiweka waya, foili ya sigara au fyuzi ya 30 mahali pa 15, gari litawaka na utaondoka ukishukuru, huku nyaya zikipata moto ndani ya dashibodi usikoona. Magari yameteketea kwa hilo, na watu wakiwa ndani.

Ukibadilisha ikaungua tena papo hapo, acha, usimalize paketi nzima. Kuna shoti mahali: waya umechunika ukagusa bodi, maji yameingia kwenye taa ya nyuma, au aliyefunga redio na alamu aliunga nyaya ovyo. Waulize pia waliobadilisha balbu. Balbu mbili za wati 55 kwenye betri ya volti 12 zinavuta ampea 9 hivi, kwa hiyo fyuzi ya 15 inazimudu. Ukifunga za wati 100, zinavuta karibu ampea 17. Hapo fyuzi haina kosa, rudisha balbu za mwanzo.

Fyuzi ya taa za breki msiichukulie poa. Kwenye magari mengi ya otomatiki ikiungua, giya inagoma kutoka P (ya kuegesha), na mtu anaanza kulipia giyaboksi isiyo na ugonjwa. Mwombe mtu asimame nyuma ya gari, wewe kanyaga breki. Taa zisipowaka, anza na fyuzi, kisha balbu na swichi ya pedali.

Paketi ya fyuzi mchanganyiko inapatikana maduka ya spea kwa bei ndogo. Yangu inakaa kwenye droo ya dashibodi, pamoja na tochi.