Uliza Fundi wa Data: JSON inaburuza, CSV imekula sifuri zangu

Swali: Dada fundi, shikamoo. Natunza rekodi za chama cha ushirika cha wafugaji, Njombe. Mapokezi ya maziwa yamo kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, nami huyavuta kupitia PostgREST, programu inayotoa data hiyo mtandaoni, kwa bando la simu. Nikivuta miezi 3, mistari kama 40,000, JSON (data ya maandishi ambayo kila thamani huenda na jina lake) inaburuza. Nimejaribu CSV, maandishi yanayotenganishwa kwa koma: faili jepesi, ila kwenye Excel namba za simu zimepoteza sifuri ya mwanzo, na “ng’ombe” imekuwa “ngâ€™ombe”. Mwenzangu anasema tuhamie Parquet, aina ya faili inayohifadhi data safu kwa safu. Nishike lipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Parquet iache kwanza. Ni nzuri kwa mamilioni ya mistari, lakini PostgREST haiitoi yenyewe. Mtalazimika kuweka programu nyingine ya kuibadilisha. Kwa mistari 40,000 huko ni kukodi fuso kubebea debe moja.

JSON inakuwa nzito kwa sababu hurudia majina ya safu kwenye kila mstari. Safu ikiitwa idadi_ya_lita_asubuhi, pamoja na alama zake ni herufi 24. Zidisha kwa 40,000: karibu megabaiti nzima ya jina tu, na hata lita moja haijatajwa. Bahati nzuri, marudio ya aina hiyo gzip, njia ya kubana data, huyabana mno. Tazama vichwa vya jibu la seva, yaani maelezo yanayotangulia data yenyewe. Usipoona Content-Encoding: gzip, mnasafirisha maziwa yaliyotiwa maji. PostgREST haibani yenyewe, kwa kawaida kazi hiyo huachiwa Nginx, seva ya wavuti iliyo mbele yake, na Nginx ukiiwashia gzip bila kugusa gzip_types, orodha ya aina za data za kubanwa, hubana HTML (kurasa za wavuti) peke yake. Mwombe anayetunza seva aongeze humo application/json na text/csv. Wewe ukivuta kwa curl, programu ya amri ya kuvuta data, weka --compressed, na kwa kigezo cha select kwenye anwani omba safu unazozihitaji tu.

Sasa hiyo CSV. Unaionea bure, aliyekutenda ni Excel. CSV haisemi hii ni simu, hii ni hesabu; Excel ikiona tarakimu tupu inajiamulia. Mimi pia imenichezea. Ofisi moja niliyofanyia kazi, stakabadhi za tarakimu 17 zote ziliishia na sifuri mbili, tukamshuku karani kutwa nzima. Kumbe Excel hushika tarakimu 15 tu, zinazobaki inazigeuza sifuri. Karani tulimwomba radhi kwa soda.

Kwa hiyo faili usilibofye mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda Data, kisha From Text/CSV, na kwenye File Origin chagua 65001, yaani UTF-8, mfumo wa kuandika herufi kwa baiti. Ile alama ya juu ya ng’ huchukua baiti 3 kwenye UTF-8. Excel ilisoma kila baiti kama herufi yake, ndiyo ukapata takataka ile. Bonyeza Transform Data, geuza safu ya simu iwe Text. Itakuuliza, jibu Replace current. Ukiongeza hatua mpya badala yake, sifuri itakuwa imeshaondoka hatua iliyotangulia, na hutairudisha.

Hata hivyo malipo ya wafugaji nisingeyapitisha kwenye CSV. Maziwa ambayo hayakupimwa, JSON inayaandika null, yaani hakuna thamani, na lita 0 inaandika 0. Kwenye CSV unapata nafasi tupu, na kuna siku mtu mwenye haraka ataijaza sifuri, mfugaji akose hela yake. Programu ya malipo ipe JSON iliyobanwa. CSV mpelekee mwenyekiti anayetaka kuchapisha. Programu hiyo ikiwa ya JavaScript na stakabadhi zenu ni ndefu, ziombe kama maandishi, stakabadhi::text ndani ya select, maana namba kamili zikipita 9007199254740991 JavaScript haizishiki kwa uhakika.

Ukishaongea na mtu wa seva, niandikie megabaiti zimeshuka kutoka ngapi hadi ngapi.