Je, kila "shall" katika mkataba ni lazima?

SWALI: Ninasindika juisi ya matunda mjini Morogoro. Mwenye maduka makubwa jijini Dar es Salaam amenipa mkataba wa ugavi ulioandikwa kwa Kiingereza, na karibu kila kifungu kina neno "shall". Vichache vina "will", "may" au "should". Mhasibu wangu anasema hayo yote ni wakati ujao tu, yaani "nitaleta" na "atalipa". Rafiki yangu aliyesoma sheria anashikilia kwamba "shall" maana yake ni lazima. Kifungu cha malipo kinasema "The Buyer should pay within 30 days". Naomba ufafanuzi kabla sijatia saini.

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako yuko karibu zaidi na ukweli kuliko mhasibu wako, ingawa naye amerahisisha mambo mno. Hata hivyo, kifungu kinachopaswa kukunyima usingizi hakina "shall" kabisa. Ni hicho cha malipo, na nitakifikia.

Katika Kiingereza cha kale, neno lililozaa "shall" lilimaanisha kudaiwa, kuwa na deni. Wajibu, kwa hiyo, ulikuwamo ndani yake kabla halijawa alama ya wakati ujao. Kanuni tuliyokaririshwa shuleni, kwamba "shall" ni ya nafsi ya kwanza na "will" ni ya nafsi nyingine, na kwamba ukizigeuza unapata ahadi au amri, iliwekwa wazi na John Wallis katika sarufi yake ya mwaka 1653, na katika mazungumzo ya leo wachache wanaifuata. Kilichobaki hai mdomoni ni swali la kuomba idhini au kupendekeza: "Shall I open the window?" ni "Nifungue dirisha?", wala si "Je, nitafungua dirisha?" Maana ya amri nayo inaonekana vizuri katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, Kutoka 20:13, isemayo "Thou shalt not kill". Biblia ya Kiswahili inasema "Usiue". Mfasiri aliyeona wakati ujao tu angeandika "Hutaua", na amri ingegeuka kuwa utabiri.

Rafiki yako bila shaka anakumbuka kifungu cha 53 cha Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1 ya Sheria za Tanzania, kinachoeleza kwamba "may" inapotoa mamlaka, mwenye mamlaka hayo anaweza kuyatumia au kuyaacha, na kwamba "shall" inapokabidhi jukumu, jukumu hilo ni lazima litekelezwe. Lakini kifungu hicho kinahusu sheria zilizoandikwa. Mkataba wa watu wawili husomwa kwa kutafuta walichokusudia wao wenyewe. Na hata kwenye sheria mambo hayakunyooka kiasi hicho: Mahakama ya Rufani ya Tanzania imekwishaamua kwamba "shall" iliyomo katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai si ya lazima kila mara, bali husomwa pamoja na kifungu cha 388 cha sheria hiyo, ambacho hakiruhusu uamuzi utenguliwe kwa sababu ya kasoro za utaratibu zisizosababisha haki kupotea.

Basi ukikutana na "shall" katika mkataba wako, uliza kwanza ni nani anayebebeshwa jambo, na kama ni mtu au kampuni inayoweza kulitenda. Kisha weka "ana wajibu wa" mahali pake uone kama sentensi inasimama. "The Supplier shall deliver 200 cartons by the 5th day of each month": msambazaji ana wajibu wa kupeleka katoni 200 kabla tarehe 5 ya mwezi haijapita. Inasimama, huo ni wajibu wako, na ukiukosa umevunja mkataba. Sasa chukua "This Agreement shall commence on 1 July". Mkataba hauna wajibu wa kuanza, wala hakuna atakayeushtaki ukichelewa. Hapo "shall" inatangaza tu jinsi mambo yatakavyokuwa, na "commences" ingetosha. Na "The Buyer shall be entitled to reject damaged goods" haimbebeshi mnunuzi chochote, bali inampa haki ya kukataa mzigo ulioharibika. Neno ni lile lile, kazi tatu tofauti, na zote zinaweza kukaa katika ukurasa mmoja. Ndiyo maana waandishi wengi wa sheria wamelichoka: Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inatumia "must" panapokusudiwa wajibu, na kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho za Marekani zilipoandikwa upya mwaka 2007, "shall" iliondolewa karibu kote. Kwa maoni yangu walifanya vyema.

Kuhusu "will", wapo wanaoitumia kwa wajibu wa upande mmoja na "shall" kwa wa upande mwingine, bila sababu yoyote ya maana. Kama mkataba wako umezichanganya, omba litumike neno moja kote, ili kesho mtu asije akadai kwamba tofauti ya maneno ilikusudia tofauti ya uzito. "May" ni hiari, lakini "may not" ina mtego: "The Buyer may not accept the goods" inaweza kumaanisha kwamba mnunuzi haruhusiwi kupokea bidhaa, au kwamba huenda asizipokee. Ukiiona, dai iandikwe upya.

Sasa tuje kwenye "should". Katika viwango vya ISO, yaani Shirika la Kimataifa la Viwango, ambavyo msindikaji wa vyakula anaweza kukutana navyo, tofauti imewekwa bayana: "shall" ni sharti, "should" ni pendekezo, "may" ni ruhusa. Ukitaka kuona uzito wa tofauti hiyo, tazama Mkataba wa Paris kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Tarehe 12 Desemba 2015, rasimu ya mwisho ilikuwa na "shall" katika ibara ya 4, aya ya 4, ikizitaka nchi zilizoendelea ziongoze katika kupunguza hewa chafu kwa malengo yanayogusa uchumi wao wote. Marekani ikapinga, kwa kuwa neno hilo lingeyageuza malengo hayo kuwa wajibu wa kisheria, na hapo serikali ingelazimika kuomba idhini ya Baraza la Seneti. Kikao kikasubiri, kisha sekretarieti ikasoma marekebisho yaliyoitwa ya kiufundi tu, na "shall" ikawa "should". Wajumbe wa karibu nchi 200 walikuwa wakisubiri neno moja la Kiingereza.

Kwako wewe, "should pay" inamwachia mnunuzi mwanya wa kusema kwamba siku 30 zilikuwa lengo tu. Hoja hiyo huenda isimfikishe mbali mahakamani, kwa sababu bidhaa alizozipokea atazilipia, lakini inatosha kukuchelewesha miezi kadhaa huku ukidaiwa na wakulima wa maembe. Isitoshe, kifungu chako hakisemi siku hizo zinahesabiwa tangu lini: tangu mzigo upokelewe, tangu ankara iandikwe, au tangu ifike?

Ukiomba nakala ya Kiswahili, na ninakushauri uiombe, hakikisha mkataba unasema ni lugha ipi itakayotawala zikipingana. Usiridhike na "Mnunuzi atalipa". Kiambishi "-ta-" kimezoeleka katika maandishi ya sheria, hata Katiba ya Tanzania katika ibara ya 33 inasema "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano", lakini katika mkataba wa biashara kinaturudisha pale pale kwa mhasibu wako. Pendekeza hivi: "Mnunuzi ana wajibu wa kulipa kila ankara ndani ya siku 30 tangu siku aliyoipokea." Kwa Kiingereza: "The Buyer shall pay each invoice within 30 days of receiving it." Wakikujibu kwamba hilo ni neno dogo lisilobadilisha kitu, basi hawana sababu ya kukataa kulibadilisha.