Rafiki au bosi? Kwanza angalia sahihi ni ya nani

Mkuu, nimekusoma. Swahiba wako anatoa mzigo stoo bila hati, daftari unasaini wewe, na bosi ameshaanza kuuliza. Waliotangulia kujibu, nusu wanasema usimchome mwenzako, nusu wanasema linda kibarua chako. Hiyo sahihi yako naona wameiruka wote.

Mimi ni mhasibu. Rafiki yangu wa siku nyingi, tena tuliajiriwa pamoja, alirudi safari ya kikazi akaleta marejesho ya masurufu, yaani risiti za kuonyesha alivyotumia hela ya safari aliyopewa. Risiti za mafuta zote za kituo kimoja, tarehe zimepishana siku kadhaa, lakini namba zinafuatana moja baada ya nyingine, utadhani kituo kile hakikuuza mafuta kwa mtu mwingine wiki nzima. Mwandiko mmoja, kalamu moja. Mkaguzi akishika faili kama hilo anaanzia hapo hapo. Nilipomwonyesha akacheka: "Kaka, pitisha tu, nani atakaa kuhesabu namba?"

Hela yenyewe haikuwa ya kutisha. Kilichoniuma ni kwamba alijua kabisa jina litakalobaki kwenye faili ni la aliyepitisha. Yeye angesema ndivyo alivyopewa kituoni, na mimi ningeulizwa nilikuwa naangalia nini. Nikamrudishia makaratasi yake. Nikamwambia sipitishi, na kwa bosi siendi kabla yake, mradi aende mwenyewe kabla hatujafunga hesabu za mwezi.

Alininunia sana. Lakini alienda. Akaomba akatwe kidogo kidogo kwenye mshahara, akapewa barua ya onyo, kazi akabaki nayo. Wangemkuta wakaguzi, sidhani kama barua ingetosha.

Urafiki? Ulipoa. Salamu zipo, utani ule wa zamani haupo, na asante sijawahi kuisikia mpaka leo. Ukichagua njia hii ujue na hilo.

Ila mwajiri naye ana mpaka wake. Meneja mmoja aliwahi kuniita akitaka nimtajie nani kwenye idara anatafuta kazi kwingine. Nilikuwa namjua, na nilijua kwa sababu aliniambia kama rafiki. Nikamjibu hilo amuulize mhusika. Mwajiri ananilipa nimfanyie kazi na nimlindie mali yake. Siri ambayo mtu ameniletea nje ya kazi, wala haihusu mali ya mwajiri, haimo kwenye mshahara.

Sasa wewe. Kuanzia kesho usisaini mzigo ambao hujauhesabu kwa macho yako. Swahiba mwone ana kwa ana. Usimwandikie ujumbe, maana ujumbe unabaki na iko siku utasomwa na watu wengine. Mpe siku chache tu akajisemee mwenyewe. Bosi akikuuliza kabla ya hapo, usithubutu kusema "sijui", hilo ndilo litakaloondoka na kazi yako. Mwambie daftari na stoo havilingani, omba stoo ihesabiwe upya mbele ya watu wengine. Akikuuliza jina moja kwa moja, mtaje. Na zile sahihi za nyuma ulizokwishaweka, ziseme wewe kabla hazijaonekana, kwa sababu hizo swahiba hawezi kukubebea.