Wasomaji Wanauliza: Tiketi ya bei nafuu ndani ya Asia, nini kimo na nini hakimo

Barua za safari zimejaa mezani na nyingi zinagusa kitu kimoja, zile ndege unazopanda ukishafika Asia, sio zile za kukutoa Entebbe. Nimechagua chache. Nyingine zinataka maelezo marefu, nyingine zinataka jibu la haraka tu.

Dada mhariri, habari za kazi. Mimi nina duka la nguo za watoto hapa Kikuubo. Kijana wangu anamaliza chuo Kuala Lumpur nataka niende kwenye mahafali, alafu nikiwa huko niruke Bangkok siku chache nione bei za nguo kule Pratunam, kisha nirudi Kuala Lumpur kupanda ndege ya nyumbani. Kijana amenitafutia tiketi ya ikonomi ya Kuala Lumpur kwenda Bangkok, anasema hilo shirika ni la bei nafuu lakini sio la bei ya chini kabisa, eti ni mseto. Mseto ndo nini? Chakula kipo? Mzigo je? Na magoti yangu hayataki kubanwa. – Mama wa Kikuubo, Kampala

Mama, kwanza hongera sana kwa kijana, kumsomesha mtoto mpaka huko sio kazi ndogo.

Sasa sikia. Zamani mashirika yalikuwa ya aina mbili tu. Kuna yale makubwa ambayo bei ya tiketi ina kila kitu ndani, mzigo, chakula, kiti, na kuna yale yanayokuuzia kiti peke yake, kingine chochote mpaka maji ya kunywa unalipia. Malaysia hiyo aina ya pili ilishika moto na AirAsia, ambayo Tony Fernandes na wenzake waliichukua mwaka 2001 kwa ringiti moja pamoja na madeni yake yote, na ni kweli walifanya watu wengi waliokuwa wanapanda basi waanze kupanda ndege. Alafu mwaka 2013 ikaja Malindo Air, ya ubia kati ya Malaysia na Lion Air ya Indonesia, na hiyo ikasimama katikati: bei inakaribia ile ya chini lakini kiti kina nafasi kidogo na kuna huduma za yale makubwa. Mwaka 2022 ikabadilisha jina ikawa Batik Air. Hao ndo mseto, au haibridi kama wengine wanavyosema. Na kama uliwahi kwenda Dubai na flydubai kutoka Entebbe basi mseto unaujua tayari, manake nao walianza 2009 kama ndege ya bei ya chini, wakaja kuongeza viti vya bizinesi 2013.

Magoti yako ndo yatakuonyesha tofauti. Airbus A320 ya AirAsia inabeba abiria 180 wote ikonomi, lakini Malindo kwenye Boeing 737-800, ndege ambayo ukibana inaweza kufika viti 189, waliweka 162, 12 vya bizinesi na 150 vya ikonomi. Kwa hiyo kutoka kiti hadi kiti unapata kama inchi 32, wakati ndege nyingi za bei ya chini ni 28 au 29. Inchi tatu ni kama upana wa vidole vinne, na kwa mtu wa magoti hivyo vidole vinne ni vingi. Viti vimepangwa vitatu kwa vitatu, omba cha upande wa njia ili uweze kunyoosha mguu mmoja. Safari yenyewe ni kama masaa mawili tu.

Lakini mama hapa ndo watu wengi wanapotea, wanasikia mseto wanadhani kila kitu kimo. Hapana. Shirika hilohilo, ndege hiyohiyo, viti vinavyofuatana, mmoja ana kilo 20 za mzigo na chakula na anaweza kubadilisha tarehe, mwingine ana begi la mkononi la kilo 7 basi. Kilichotofautisha ni aina ya nauli. Mwambie kijana afungue tiketi asome mstari wa mzigo, asiangalie jina la shirika. Kama mzigo haumo, anunue kilo mapema kwenye mtandao kabla ya siku ya safari, manake ukingoja mpaka kwenye kaunta unalipa zaidi, wakati mwingine zaidi sana, na pale hakuna wa kumbembeleza. Na zile kilo 7 wanapima kweli, mkoba pamoja na begi.

Alafu kuna hesabu ya kwako wewe mfanyabiashara. Tiketi nyingi za kutoka Entebbe kwenda Asia zinakupa mabegi mawili ya kilo 23, yaani 46 jumla, ila hicho kipande cha Bangkok hakijui habari hiyo, kwake una 20 au huna kitu. Kwa hiyo begi moja liache kwa kijana Kuala Lumpur, nenda Bangkok na jepesi. Pratunam nunua sampuli, mzigo wa duka upitie kwa watu wa kago, usijaribu kuupitisha kwenye ndege ndogo kwa kulipia kilo za ziada. Faida yote ya nguo za watoto itaishia kwenye mizani, na hilo naliandika kwa uchungu manake nimeona akina mama wa soko lako wanafungua mabegi chini pale uwanjani wanagawana nguo wavae moja juu ya nyingine.

Chakula: kwa safari fupi ni kitu chepesi, na nauli nyingine hazina hata hicho, kwa hiyo kula kwanza. Mashirika ya Malaysia chakula chao ni halali kwa hiyo usiogope. Skrini ya filamu usiitegemee, blanketi wala usiiwaze, beba shuka lako manake baridi ya ndani ya ndege ni ya kweli.

Karatasi sasa, na hapa naomba usome mara mbili. Thailand inataka visa kwa pasipoti yetu, tena tangu tarehe 1 Mei 2025 kila mgeni anajaza kadi ya kuingia kwenye mtandao ndani ya siku tatu kabla ya kufika, inaitwa TDAC, na ni bure, kuna mitandao inayoiga inakudai dola, ikimbie. Malaysia nayo ina ya kwake, MDAC, bure vilevile, na kwa kuwa utaingia Malaysia mara ya pili ukitoka Bangkok utaijaza tena. Na kama kibali chako cha Malaysia ni cha kuingia mara moja, ukienda Bangkok umekimaliza, utarudije kupanda ndege ya Entebbe? Hili mliulize kabla hamjalipia hicho kipande. Kadi ya njano ya homa ya manjano usiitupe ndani ya begi kubwa, Uganda iko kwenye orodha ya nchi zenye homa hiyo, wataiomba.

Na Bangkok ina viwanja viwili, Suvarnabhumi na Don Mueang. Ndege za bei nafuu nyingi zinatua Don Mueang. Mtu akikwambia atakupokea, hakikisha ni kiwanja kipi, manake kutoka kimoja hadi kingine ni safari kama ya Kampala kwenda Entebbe, na jamu yao haina tofauti na ya Kibuye.

Mhariri salaam. Mimi nasoma Malaysia, nyumbani ni Mbale. Nikirudi likizo huwa nakata tiketi moja kubwa ya Entebbe, lakini rafiki ananiambia ni rahisi zaidi nikate vipande vipande, nipande mseto mpaka mji fulani wa Asia alafu nichukue ndege nyingine ya bei ya chini kwenda mbele. Niache masaa mangapi katikati? – Mwanafunzi, Kuala Lumpur

Mdogo wangu, ukikata tiketi mbili tofauti wewe ndo umekuwa shirika la ndege. Ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungojei na haikudai samahani, imeondoka na hela yako. Begi nalo linaishia mji wa katikati, unatoka nje kupitia uhamiaji, maana yake unahitaji kibali cha kuingia nchi hiyo hata kama hutaki kulala hapo, unachukua begi kwenye mkanda, unarudi chekini upya na mizani upya. Masaa matatu yanayotosha kwenye tiketi moja hapo hayatoshi kabisa. Mimi nasema sita kwenda juu, na kama ndege ya pili ndo ya mwisho siku hiyo, lala.

Hata Kuala Lumpur penyewe usipadharau. Batik iko Terminali 1 pamoja na zile kubwa, AirAsia iko Terminali 2, na kati yake unapanda treni, dakika chache tu lakini mpaka uifikie na mabegi muda umeshaenda. Na tangu Agosti 2024 baadhi ya ndege za jeti zinarukia Subang, kiwanja kingine kabisa, kwa hiyo angalia herufi tatu kwenye tiketi: KUL ni huku, SZB ni kule.

Uzuri wa mseto kwenye hili ni kwamba mengi yana makubaliano na mashirika makubwa, unaweza kukata tiketi moja yenye ndege zote mbili, begi likafungwa Kuala Lumpur ukalikuta Entebbe. Hapo ningelipa hio ziada bila kufikiri mara mbili. Siku ya safari soma kile kikaratasi wanachofunga kwenye begi, kikiandikwa EBB limeenda mpaka nyumbani, kikiandikwa mji wa katikati lifuate mwenyewe.

Ndugu mhariri, binti yangu alikaa uwanja wa Kuala Lumpur masaa sita ndege imeahirishwa, ikonomi ya bei nafuu, hakupewa hata maji, wakamwambia tiketi yake ni rahisi haina haki. Ni kweli? – Mzee wa Arua

Si kweli mzee wangu, na pole kwa binti. Malaysia ina kanuni za kulinda abiria tangu 2016 na hazibagui nauli, iwe ya kutupa au ya bizinesi. Ndege ikichelewa masaa mawili au zaidi abiria apewe chakula na njia ya kuwasiliana na watu wake. Ikifika masaa matano na kupanda na ikabidi kulala, hoteli na usafiri ni juu yao, na tangu Septemba 2024 abiria aliyecheleweshwa masaa matano anaweza kukataa kusafiri akadai nauli yake yote irudi kwa njia ileile aliyolipia, ndani ya siku 30. Kuponi sio lazima aikubali. Binti aandike malalamiko kwa shirika kwanza, aweke boding pasi, picha ya ubao wa saa, na risiti za alichokula kwa hela yake, wakimnyamazia apeleke kwa mamlaka ya anga ya Malaysia, CAAM, ambayo tangu Agosti 2025 ndo inashika mambo hayo.

Na ushauri mmoja wa mbele: ndege moja ya bei nafuu inaruka safari nyingi kwa siku na inakaa chini muda mfupi sana kati ya safari, kwa hiyo kuchelewa kwa asubuhi kunabebwa mpaka usiku. Akate ya alfajiri.

Nauza simu na vifaa vyake hapa Kampala. Naweza kuweka pawabenki kwenye begi la kuchekini nikirudi? – Muuza simu, Kampala

Hapana ndugu, hata moja. Pawabenki inakaa begi la mkononi tu, chini ya wati-saa 100, hicho ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba. Chukua mAh zilizoandikwa juu yake zidisha 3.7 gawanya 1000: ya 20,000 ni wati-saa 74, inapita. Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan iliungua ikiwa bado chini kule Busan, Korea, watu wote 176 wakatoka hai, na wachunguzi wakasema yawezekana ni pawabenki. Baada ya hapo mashirika mengi ya Asia yakakataza hata kuitumia angani, Scoot ya Singapore kwa mfano tangu 1 Aprili 2025. Na ukipanda ndege za ndani ya China, tangu 28 Juni 2025 isiyo na alama ya 3C, yaani alama ya usalama ya China, wanaichukua pale ukaguzi. Za kuuza agiza kwa kago inayokubali betri, na uwaambie wazi ni betri.

Tiketi yangu ya kurudi kutoka Kuala Lumpur inasema tarehe 14, 00:35. Niende uwanjani lini? – Msomaji, Jinja

Usiku wa tarehe 13, banange! 00:35 ni saa sita na dakika thelathini na tano usiku, 14 imeanza tu. Tarehe 13 saa tatu usiku uwe umeshafika uwanjani, na kumbuka saa kwenye tiketi ni za mji ndege inapoondokea, Kuala Lumpur iko mbele yetu masaa matano, kwa hiyo anayekupigia kutoka Jinja kukukumbusha apige saa kumi jioni ya kwetu.