Ubao wa kujaza upepo: tazama maungio ya pembeni kwanza

Mwenzetu ameuliza kwa nini mbao mbili za kupigia kasia ukiwa umesimama, zote za kujazwa upepo, zinafanana kwa macho lakini moja ina bei karibu mara mbili ya nyingine. Tofauti imo ndani na pembeni, mahali ambapo picha za muuzaji hazifiki. Mimi pia naishi Nairobi kwenye nyumba ndogo, ubao wangu hukaa umekunjwa juu ya kabati na hutoka kwenda ziwani Naivasha au pwani Kilifi, kwa hiyo haya nayasema kwa kuyatumia.

Ndani kuna vitambaa viwili vya poliesta, cha juu na cha chini, vilivyounganishwa kwa maelfu ya nyuzi zenye urefu mmoja. Upepo ukiingia vitambaa vinataka kuachana, nyuzi zinavizuia, ndiyo maana unapata kitu bapa kigumu na si puto. Nyuzi hizo ndizo zinazokuwezesha kufika PSI 15 (PSI ni kipimo cha mgandamizo wa upepo). Unene nao ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: ubao wa sentimita 10 hupinda katikati mtu mzito akisimama, wa sentimita 15 hutulia.

Kitambaa hicho hupakwa PVC, ukoo mmoja na turubai la lori. Mbao za bei ya chini zina tabaka moja tu. Zenye matabaka mawili ni za aina mbili: kuna ambazo tabaka la pili limebandikwa kwa gundi, huwa nzito, na kuna zilizogandishwa kwa joto kiwandani, nyepesi zaidi. Nikipata hizi za pili sitazami nyingine.

Lakini ubao hufia pembeni. Pale juu na chini vinapokutana huzungushwa ukanda wa PVC, ama kwa gundi ama kwa kuyeyushwa pamoja kwa joto. Gundi na joto haviivani. Ubao wa jirani yangu uliachwa kwenye buti ya gari juani, ukaanza kuachia kwenye maungio. Tundu la katikati ni kazi ndogo, fundi yeyote wa maturubai anayejua gundi ya PVC ataweka kiraka. Maungio yakiachia, upepo hupenya chini ya ukanda na kutokea mbali na pale ulipoanzia, na fundi anaweza kukesha akiutafuta kwa povu la sabuni.

Kwa sisi wa huku juu kuna jambo wauzaji hawalisemi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, na kipimo cha pampu husoma tofauti ya mgandamizo kati ya ndani na nje. Ukijaza PSI 15 hapa ukashuka pwani ubao ukiwa umejaa, kipimo kitasoma kama 12 bila tundu lolote. Safari ya kurudi ndiyo hatari: 15 za Kilifi, ubao ukiwa juu ya gari, zinakaribia 18 ukifika Nairobi, na jua la njiani linaongeza. Punguza upepo kabla ya kupanda. Hata kupampu Naivasha, nako ni juu, kunachosha kuliko Kilifi, maana kila msukumo unaingiza hewa kidogo.

Sasa hizo mbili ulizotuwekea, wewe uliyeuliza. Ya kwanza, tabaka moja, sentimita 10, inakuja na kasia, begi na kiti. Ya pili, matabaka mawili, sentimita 15, haina hata kasia. Chukua ya pili, kasia utanunua baadaye. Kabla ya kulipa mwambie muuzaji aujaze na auache usiku kucha. Asubuhi ya baridi PSI moja ikipungua usishtuke. Zikipungua tatu, pitisha povu kwenye vali kwanza, kwa sababu mara nyingi ni vali isiyokazwa, kisha pembeni. Na utuwekee hapa picha ya maungio, ya karibu, kuanzia kwenye mkia.