Maswali na majibu: mawe ya kibofu kwa mbwa

Swali: Mbwa wangu jike anakojoa kidogo kidogo, tena mkojo una damu. Nilimpa vidonge vilivyobaki nyumbani, akapata nafuu siku mbili, kisha hali ikarudi. Je, ni mawe? (Msomaji, Tabata)

Jibu: Yawezekana, ingawa maambukizi ya kibofu pekee nayo huleta dalili hizo hizo, na ndiyo maana nakusihi uache kubahatisha dawa. Daktari wa mifugo ataupima mkojo na kuuotesha maabara ili ijulikane ni bakteria gani na dawa ipi inawaua, kisha atapiga eksirei au ultrasaundi. Mawe mengi huonekana kwenye eksirei, lakini ya aina za yureti na sistini huweza kufichika, na hapo ultrasaundi ndiyo huyafichua. Wakati mwingine, tumbo likibonyezwa taratibu, vidole husikia changarawe zikisagana.

Swali: Nilisikia mawe huyeyuka kwa chakula maalumu. Mbona daktari anataka kumpasua mbwa wangu? (Msomaji, Kigamboni)

Jibu: Inategemea ni jiwe gani. Struviti, aina moja ya jiwe ambayo kwa mbwa hutokana zaidi na bakteria wanaovunja yurea (taka iliyomo kwenye mkojo) na kuufanya mkojo uwe wa alikali, yaani kinyume cha asidi, huyeyuka kwa chakula hicho pamoja na antibiotiki katika wiki kadhaa. Msikatishe dawa mbwa anapochangamka, kwa kuwa bakteria wengine wamejificha ndani ya jiwe lenyewe. Oksaleti ya kalsiamu, aina nyingine ya jiwe, haiyeyuki, hivyo hutolewa kwa upasuaji. Likishatolewa, ombeni jiwe lipimwe maabara, maana kinga ya baadaye hutegemea jibu hilo.

Swali: Dume wangu anainua mguu na kujikamua, lakini halitoki hata tone. Nisubiri kesho? (Msomaji, Mbezi)

Jibu: Usisubiri; mpeleke sasa hivi. Mrija wa mkojo wa dume hupita kwenye mfereji wa mfupa wa uume, mahali ambapo hauwezi kutanuka, na jiwe hunasa hapo. Mkojo ukiziba, potasiamu hupanda katika damu hadi kuvuruga mapigo ya moyo, na kibofu chaweza kupasuka.

Swali: Nimkinge vipi na joto hili la Dar? (Msomaji, Mbagala)

Jibu: Maji safi yasikauke kivulini, na chakula chake kilowekwe maji. Mbwa wetu wengi wa ulinzi hufungiwa bandani tangu alfajiri hadi magharibi wakiwa wamebana mkojo. Mfungulie mchana akojoe.