Mleta uzi, usinunue hiyo TV

Hapana. Usinunue. Umeandika kwamba unafungua kituo cha kulelea watoto mchana huko Kibaha, watoto 30 wa miaka mitatu hadi mitano, unataka wajifunze kwa nyimbo na kuchezesha mwili, na unauliza TV ya inchi ngapi inafaa, spika gani, nyimbo uzipakue wapi na ada uweke kiasi gani. Halafu mwishoni unataja kwa haraka kwamba fundi anakuja Jumamosi kuifunga ukutani. Mpigie sasa hivi umwambie asije.

Salamu utanidai. Nimesoma uzi wako tumbo likanikata, maana njia hiyo nimeipita na nimeilipia.

Kituo changu kiko Morogoro. Tulianza na mikeka, uwanja wenye mwembe, na mlezi mmoja aliyekuzwa na bibi yake, nyimbo zimemjaa kichwani. Ikaja semina ya wamiliki wa vituo. Mtoa mada, anayejiita mshauri wa malezi, akasimama na shati lake la kunyooshwa akatuambia kituo kisicho na skrini kitakosa wazazi, na kwamba mtoto akiona na kusikia kwa pamoja anashika mara mbili. Alijua bei za inchi zote. Hakuuliza hata mmoja wetu watoto wake wana umri gani. Baadaye ndiyo tukajua kwamba duka alilotuelekeza lilikuwa la shemeji yake. Bado nina hasira naye, na sioni sababu ya kuificha.

Nikakopa kwenye kikoba. TV kubwa, spika ya kutetemesha mabati, na flashi imejaa nyimbo za watoto za Kiingereza, zile za katuni zinazokimbia. Siku za mwanzo ilikuwa shangwe: watoto wanaruka, wazazi wanachungulia dirishani wanatabasamu. Angalia kilichofuata. Beti la kwanza wanaruka. Beti la pili nusu yao wamesimama, midomo wazi. Likifika la tatu wamekaa mkekani, shingo juu, na anayecheza ni katuni. Wimbo unakwenda kasi kuliko mguu wa mtoto wa miaka mitatu unavyoweza kufuata, na mashine haina macho ya kuona kwamba wameachwa nyuma. Mtoto akiachwa nyuma mara mbili, anaacha kujaribu na anabaki mtazamaji.

Yule mlezi wangu naye akanyamaza. Mtu mwenye nyimbo zote zile akawa mshika rimoti. Hilo ndilo lililonigharimu kuliko mkopo.

Twende kwenye kuhesabu, maana ndiko nilikoona uharibifu wote. Walikuwa wanaimba moja hadi ishirini kwa Kiingereza bila kukosea. Kwenye mahafali wazazi walirekodi kwa simu, wengine machozi yanawalenga. Asubuhi moja wakati wa uji nikamwambia kijana hodari kuliko wote aniletee vikombe vitatu. Akaniletea alivyoweza kukumbatia. Nikamwambia tuvihesabu. Akaanza wimbo wake, kidole kinaruka ovyo, akafika ishirini wakati vikombe mbele yake ni vitano, akanitazama akisubiri makofi. Kwake "tatu" haikuwa idadi ya kitu chochote, ilikuwa sauti inayokuja baada ya sauti nyingine. Nikawajaribu wengine, hali ni ile ile. Januari wakaingia darasa la awali shuleni, na akina mama wakarudi kwangu kuuliza tulikuwa tunafundisha nini mwaka mzima. Nilikosa jibu. Mzazi mmoja aliwahamisha watoto wake wawili, na sikuwa na sababu ya kumzuia. TV yenyewe iliungua umeme ulipokatika na kurudi kwa nguvu, wakati marejesho bado yanadaiwa.

Mtakaokuja kusema mama huyu anaogopa teknolojia, ngojeni kwanza. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema mtoto wa miaka mitatu au minne apate angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kila siku, 60 kati ya hizo ziwe za kumfanya aheme, na muda wa kukaa mbele ya skrini usizidi saa moja, ikipungua ndiyo bora zaidi. Ni saa moja ya siku nzima, na nyumbani nako kuna TV na simu ya baba.

Sasa shika hili, hata kama mengine yote utayaacha: imba wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya macho yao. Umeandika kwamba huna sauti. Watoto hawana habari na sauti yako. Panda juu kidogo kuliko unavyoongea, kwa sababu sauti zao ni nyembamba na ukiimba chini sana hawakufikii, kisha nenda taratibu mpaka yule mdogo kuliko wote aweze kufuata. Ukiimba mwenyewe unaweza kusimama, na kusimama ndiko kunakofundisha. Chukua kopo tupu la maziwa na vizibo vya soda. Imba "moja", kizibo kilie ndani ya kopo. "Mbili", kingine. "Tatu", halafu nyamaza ghafla. Uliza: vingapi koponi? Mwage, wavione, waviguse. Raundi inayofuata simamia mbili, kisha tano, kisha rudi tatu, wasijue utakatia wapi. Pale mtoto hawezi kuimba kwa mazoea, inabidi afikiri. Baadaye badala ya vizibo tumia miguu: waruke mara nne, wasimame kama walivyo.

Silabi vivyo hivyo. Anza na majina yao, A-sha makofi mawili, Ra-ma-dha-ni makofi manne, kisha vitu vilivyo mbele yao. Kiswahili kinakurahisishia, silabi zake zinasikika wazi. Ila usikosee kwenye "mtu": ni makofi mawili, m-tu, na "mkate" ni matatu. Nimeona walimu wenye vyeti wakipiga kofi moja kwenye "mtu" na kuwavuruga watoto.

Na nyama nyama ile tuliyocheza sote mtaani, usiidharau. Mtoto anasikiliza jina la mnyama, anaamua kama analiwa au haliwi, na anajizuia kuruka akisikia nyoka ilhali miguu imeshapata moto. Kujizuia huko ndiko kutakakomsaidia kukaa na kusikiliza shuleni. Sisi tulibadilisha jambo moja: anayekosea hatolewi, maana yeye ndiye anayehitaji kurudia zaidi ya wenzake. Tuna mtoto aliyekaa muda mrefu haongei kabisa kituoni. Alianza kwa kuruka tu kwenye nyama nyama, kisha makofi, na siku moja akaitikia kwa sauti. Mlezi wangu alilia. Spika isingemngoja mtoto yule.

Kwa hiyo nyimbo usizipakue popote. Waulize walezi utakaowaajiri walicheza nini walipokuwa wadogo, na siku ya usaili mwambie kila mmoja akuimbie wimbo mmoja huku anacheza. Anayeona haya kuruka mbele yako, mbele ya watoto atatafuta kiti. Pesa ya TV iongeze kwenye mshahara wa atakayekuimbia vizuri, na inayobaki nunua mikeka na weka uzio, uwanja uwe salama wa kukimbia.

Umeshalipa advansi au bado? Nijibu hilo kwanza. Kama umelipa, nenda kesho dukani kabla hawajaitoa kwenye boksi.